Anayeseti Hazungushi

Wembe ulikuwa umeshuka hadi chini ya kidevu, pale ngozi ya mzee inapolegea na kutaka kuvutwa kwa kidole, baba alipoanza kucheka.

"Tulia, baba. Nitakukata."

"Nimemkumbuka Winchi," alisema. "Alivyoruka siku ile! Kama kuku aliyechinjwa vibaya."

Winchi ni kaka yangu. Jina alipewa na baba, kwa kuwa alikuwa na mkono wa kunyanyua giaboksi peke yake na kuishusha bila kishindo. Mimi baba aliniita Profesa, kwa sababu nilisoma masomo ya jioni kucha zikiwa bado na grisi, na hakuniita hivyo kwa sifa. "Profesa," angesema mbele ya wateja, "hebu tusomee hii nati imeandikwa nini." Wateja walicheka. Kaka hakucheka hata mara moja.

Siku anayoikumbuka tulikuwa tumefunga injini nyingine kwenye lori la msafirisha mawe. Ya zamani ilikuwa imepasuka; hii ilitoka kwenye gari lililopinduka, na starta yake haikupatikana. Ilibidi iwashwe kwa hendeli, chuma kinachochomekwa mbele ya injini na kuzungushwa kwa nguvu za mtu. Ilibaki kuseti taimingi, ili cheche ya plagi ije kwa wakati wake, pistoni ikifika juu. Cheche ikiwahi mno, injini hupiga teke kama punda, na hendeli hurudi nyuma na mkono ulioishika.

Ndiyo maana karakana yetu ilikuwa na sheria ya baba: anayeseti hazungushi. Mmoja aseti, ndugu yake azungushe. "Ukijua mkono wa ndugu yako ndio uko pale," alisema, "utakaza bolti kwa adabu." Niliipenda sheria ile. Niliona ndani yake upendo ambao hakujua kuusema.

Nikaseti. Nilitoa plagi ya kwanza, kaka akazungusha taratibu, nami nikaziba tundu kwa kidole gumba hadi pumzi ikakisukuma. Nikalinganisha alama ya puli na alama ya injini, nikageuza distributa, kifaa kinachogawa cheche, kidogo kidogo mpaka ikakaa, nikakaza bolti yake. Kisha nikaenda kwenye pipa, nyuma ya ukuta, kunawa mikono. Hayo tu.

Niliporudi kaka alikuwa ameshainama mbele ya lori.

"Iko tayari, mdogo wangu?"

"Tayari, kaka. Zungusha."

Sikusikia injini. Nilisikia mfupa.

Mwenye lori na mafundi wa jirani walikuja mbio. Baba alisimama juu ya mwanawe aliyekuwa akigaragara kwenye oili, wala hakuinama. "Msiniulize mimi," aliwaambia. "Muulizeni Profesa. Si kasoma?"

Nilipopima upya, distributa ilikuwa imepita alama kwa upana wa kidole. Nikaamini macho yangu yalinidanganya nilipokuwa nikiseti.

Mkono ulipona ukiwa umepinda. Kaka akawa bawabu wa shule. Hufungua lango kwa mkono wa kushoto. Hakuniita tena mdogo wake. Karakana nikairithi mimi, na nimekuwa fundi ambaye wenye magari hutoka mbali kumfuata. Sioni haya kulisema. Mimi hupima, nikarudia, kisha nikamwita mwingine apime. Watu husema nina kipaji.

Sasa baba alikuwa akicheka, povu limemjaa kidevuni.

"Niliigeuza mimi," alisema. "Ulipokwenda kunawa. Mafahali wawili, zizi moja, wapi na wapi? Yeye alikuwa na mkono, wewe una kichwa. Nikaangalia kipi ni rahisi kuvunja."

Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini alikata tawi. Wembe wangu ulikuwa juu ya mshipa. Niliuona ukidunda chini ya chuma. Baba akafumbua jicho moja.

"Maliza, Profesa. Povu linakauka."

Nikamaliza. Sikumkwaruza hata mahali pamoja. Nikamfuta uso kwa kitambaa cha maji ya moto, kama anavyopenda.

Jioni ile nilikwenda kwa kaka. Alikuwa kibandani kwake, langoni, amelibana chungwa kifuani kwa mkono uliopinda na kulimenya kwa ule mzima. Nikaketi kando yake, nikamweleza yote. Nilitegemea kilio, au matusi. Hakuacha kumenya.

"Nilimwona," alisema.

"Ulimwona?"

"Alichukua spana, akainamia injini. Nikajua anakusahihishia kosa. Baba, fundi mkuu, nimshuku nini? Mfupa ulipolia ndipo nikaelewa."

"Sasa kaka, miaka yote hii umeninunia mimi! Kwa nini mimi?"

Aliligeuza chungwa, akatafuta palipobaki ganda.

"Baba hachukiwi," alisema. "Na mimi ilibidi nimchukie mtu."

Gari likapiga honi nje. Alinyanyuka, akanipa chungwa nimshikie, akaenda kulisukuma lango kwa bega na mkono mmoja. Likakwama kwenye reli. Nikainuka nimsaidie.

"Kaa," alisema, bila kugeuka.

Nikakaa. Alisukuma tena, na tena, na maji ya chungwa lake yakanichuruzika hadi kwenye kiwiko.