Sponji Kwenye Kamba ya Nguo

Nzau alirudi saa nne asubuhi kutoka kanisani na viti vya wageni, akaikuta sponji yake imeanikwa kwenye kamba ya nguo, katikati ya mashuka na blauzi, imebanwa kwa vibanio viwili. Ilinukia sabuni ya unga.

Akaweka viti chini. Barazani, juu ya gunia, mawe yake kumi na mawili yalikuwa yamepangwa juani, meupe pepepe. Kando yake palikuwa na stilwaya ya kusugulia sufuria, ndoo na chupa ya dawa ya madoa, Jik, iliyobaki robo.

"Nani?" akauliza. Hakupaza sauti. Nzau akikasirika kikweli sauti humshuka, na wanaomjua hutafuta shughuli kwingine.

Dada yake Kasiva hakutafuta shughuli. Alitoka na leso kiunoni na kifua mbele. "Mimi. Na ungesema asante. Wageni wanakuja, halafu kwa sitting room kuna mawe iko na ukoko, na hiyo sponji inanuka kama mtaro. Unataka watu wa Bungoma waseme Wakamba hawaogi?"

Siku hiyo Muthoki, binti yake Nzau, alikuwa akiletewa mbuzi wa ntheo. Bila mbuzi hao, kwa Wakamba, hata mkae pamoja miaka thelathini mzae timu ya mpira, huyo bado si mke wa mtu. Na siku kama hiyo nyumba huwa si ya mwenye nyumba, ni ya dada zake. Hufika jana yake na mifuko yao, wakasugua kila kitu kisichoweza kukimbia.

Mawe hayakuweza kukimbia. Yalikuwa ndani ya tangi la maji ya chumvi, pale sebuleni kwake mtaani Tena, nayo ndiyo yaliyokuwa mtambo wenyewe wa kuchuja maji. Nzau aliyachagua kwa akili zake timamu. Alipostaafu udereva wa lori la Mombasa alienda dukani mjini, na muuzaji akamsifia mashine ya mkebe yenye taa ya buluu. Nzau akamuuliza, "Hiyo taa inakula mkojo wa samaki?" Muuzaji akaanza kuzungumzia waranti. Ndipo Nzau alipompigia rafiki yake Aweys wa Mombasa, akaletewa mawe yaliyokaa baharini mwaka mzima, yamefungwa kwa magazeti mabichi. Akaongeza kimashine cha kutoa povu na sponji ya kawaida, basi. Ndani ya ukoko ule unaochukiwa na kina Kasiva huishi vijidudu visivyoonekana, na kazi yao ni kula sumu inayotoka kwenye uchafu wa samaki. Kuvipata si jambo la siku moja. Wiki saba Nzau aliyakodolea macho maji matupu, mkewe akimuuliza kama ameamua kufuga maji, kabla ya kumtia samaki wake wa rangi ya chungwa, aliyemwita Meneja kwa jinsi alivyokagua kila pembe.

Miaka minne aliikamua sponji ile kwa maji ya tangi lenyewe, hata siku moja si kwa maji ya mfereji, maana dawa ya mfereji huua vile vijidudu. Alimwambia kila mtu. Alibandika hata karatasi: USIOSHE.

"Karatasi hukuiona?" alimuuliza Kasiva.

"Niliona. Nikajua ni wewe unaona haya kutuongezea kazi."

Nzau akageukia mlango. Ustaarabu gani huu wa kumuua kiumbe wa watu kwa heshima? Aliingia ndani. Tangi lilikuwa limeongezwa ndoo mbili za mfereji, na Meneja alikuwa juu kabisa, anatweta, mashavu yakipiga mbiombio. Nzau akamhamishia kwenye ndoo ya maji ya chumvi ya akiba, akatumbukiza mpira wa kupulizia hewa. Hapo angepumua. Lakini ndoo isiyo na vijidudu ni choo kisicho na shimo: kufika usiku, Meneja angekuwa anaogelea ndani ya sumu yake mwenyewe.

"Ni samaki tu, Baba Muthoki," mkewe akamwambia. "Wageni wako kwa geti."

Samaki tu! Hilo ndilo lililomchoma kuliko Jik. Mtu atunze uhai miaka minne, aambiwe ni samaki tu na watu wanaolilia kikombe kikivunjika. Akaenda kuwapokea wakwe akiwa na ndoo mkononi, akaketi nayo katikati ya miguu. Mzee Mukhwana, mjomba wa bwana harusi na msemaji wao, aliitazama ndoo, akadhani ni mila ya Kikamba, akaivulia kofia.

"Wakwe zetu," Mukhwana akaanza, "tulipita hapa tukaona ua—"

"Samahani, mzee." Nzau alikuwa amesimama. Kasiva akashika mdomo. "Kabla ya hilo ua. Job."

Job, bwana harusi mwenyewe, akaruka kitini. Mwaka uliopita, alipokuja mara ya kwanza, alisifia tangi kama wachumba wanavyosifia kila kitu ukweni, na Nzau akamjaribu: akampa jiwe moja na kipande cha sponji aanzishe tangi lake kule kwake mtaani Umoja. Hakuwa na imani naye. Vijana wanapenda picha za samaki, kazi yake hawaitaki.

"Lile jiwe nililokupa. Liko?"

Job akainamisha kichwa. "Liko, mzee. Na samaki wawili. Lakini..."

"Lakini nini?"

"Mzee, naomba msamaha mbele ya wazazi. Ni chafu. Sijawahi kuliosha. Limeota vitu. Maboyz wakikuja wananicheka, wanasema niliweke Jik, lakini ulinikataza, nikaogopa."

Mukhwana akafunika uso. "Aibu gani hii ukweni, kijana wangu."

Nzau akamsogelea. Sauti ilikuwa imempanda tena. "Chafu kiasi gani?"

"Sana, mzee. Hata sponji inanuka."

"Inanuka?"

"Kama mtaro."

Nzau akashusha pumzi ambayo alikuwa ameibana tangu saa nne. "Chukua boda. Lete nusu ya sponji na hilo jiwe, ndani ya maji yake. Usipanguse kitu!"

Wageni wote walingoja, na mbuzi watatu wakalia getini karibu saa nzima. Job aliporudi suti ilikuwa imelowa hadi magotini, na alikuwa amekumbatia ndoo. Jiwe lilikuwa la kijani na zambarau, baya la kutisha. Nzau akalishusha taratibu kando ya Meneja. Kasiva akaja na kitambaa kupangusa matone, akatazamwa mara moja tu, akarudi jikoni.

"Sasa, mzee Mukhwana," Nzau akasema, mikono yake ikichuruzika maji ya chumvi, "hao mbuzi waingie kwa ajili ya mila. Binti nimeshampa huyu kijana."