Pikapu Isiyoazimwa

Tangu Verlin Kovarik auze pikapu yake kubwa na kununua ya kati, hakuna mtu aliyegonga mlango wake.

Mwanzoni hakushtuka. Alijua watu wote wako mashambani wanavuna mahindi. Lakini mavuno yakaisha, theluji ya kwanza ikadondoka na kuyeyuka, na Verlin bado alikuwa akinywa kahawa peke yake jikoni, akisikiliza friji ikinguruma.

Zamani haikuwa hivyo. Ile pikapu kubwa, lile dude jeupe, lilikuwa kama mali ya mji mzima. Anayehama alikuja kwake, aliyenunua friza alikuja kwake, na wenye magodoro, kokoto na mitumbwi walikuja pia. "Mzee Verlin, Jumamosi gari lina kazi?" Halikuwa na kazi hata siku moja. Na kwa kuwa ufunguo hauchukuliwi kama mkate dukani, mtu alikaa, akamiminiwa kikombe, akasimulia habari zake. Verlin alikuwa mtu wa haya tangu utotoni. Kumwambia mtu "karibu kwangu" kulimshinda kuliko kumvuta ng'ombe kutoka matopeni. Pikapu ndiyo iliyokuwa ikimkaribishia wageni.

Aliyekuja mara nyingi kuliko wote alikuwa Lavonne Teague, mpishi mstaafu wa shule, mjane mwenye kicheko cha kupasua vioo. Huyo hakukosa kitu cha kubeba. Mara moja alikuja kuazima pikapu nzima kwa ajili ya taa ya mezani. Verlin alimpenda, na hakuwa amemwambia mtu yeyote, yeye Lavonne akiwa wa kwanza kutoambiwa.

Aliyemshauri abadilishe gari ni binti yake, Janelle, anayeishi jijini Omaha. "Baba, uko peke yako. Unabeba nini na meli hiyo? Inakunywa mafuta na haiingii gereji. Nunua ya kati." Akanunua. Bei yake ilikuwa pungufu kidogo tu ya bei ya pikapu kubwa mpya, na jambo hilo liliwapa watu wa mkahawani kicheko cha msimu mzima.

"Yaani umelipa bei ya ng'ombe ukapewa ndama," alisema Dwayne Pribyl, ambaye pikapu yake ilihitaji ngazi kuipanda. "Na ndama mwenyewe hakui."

"Inaingia gereji," Verlin alijitetea.

"Hata baiskeli inaingia gereji, bwana!"

Wote wakacheka, Verlin naye akacheka huku ameinamia bakuli lake la maharage ya pilipili na mkate wa mdalasini. Kisha Dwayne akafuta mdomo. "Kesho namhamishia Lavonne vyombo vya marehemu dada yake, kutoka shambani mpaka mjini. Safari moja tu, mchezo umekwisha."

Verlin akauweka mkate chini. Kumbe Lavonne alikuwa na mzigo, na safari hii amemwendea mwingine.

Asubuhi iliyofuata Verlin aliwahi kufika shambani kabla ya Dwayne. Njia nzima alikuwa akijifunza la kusema, na alipomwona Lavonne barazani, kajifunga kitambaa kichwani, maneno yote yakatawanyika.

"Verlin! Umepotea njia?"

"Nina nafasi," alisema.

"Nafasi gani?"

"Nyuma. Ya pikapu. Ndogo, lakini ipo."

Lavonne akaizunguka pikapu polepole, kama mtu anayekagua fahali mnadani. "Kochi la dada litaingia?"

"Nusu."

"Na nusu nyingine?"

"Itakuwa inaangalia mandhari."

Kicheko kilichomtoka Lavonne kiliwarusha kunguru uani. Wakalibeba kochi pamoja, wakaacha mlango wa nyuma wazi, wakalikaza kwa kamba na kufunga kitambaa chekundu kwenye mguu uliochomoza. Walipokuwa wakivuta fundo la mwisho, Lavonne akasema bila kumtazama, "Sikutaka kukusumbua, ujue. Ulipouza lile dude, tulielewa."

"Mlielewa nini?"

"Kwamba umetuchoka. Mtu akinunua ya kati huku kwetu, si anatuambia kwa adabu tuache kumwomba? Mji mzima tumekuheshimu, hakuna aliyekugusa."

Verlin akasimama na kamba mkononi. Miezi yote ile aliyodhani watu wamemsahau, kumbe walikuwa wanamstahi.

Mara honi ikalia. Pikapu ya Dwayne iliingia uani kama nyumba yenye magurudumu. "We Verlin, hicho kigari kitalia machozi!" Akaruka chini. "Dada Lavonne, shusheni kochi, pakieni vyote kwangu. Saa sita mko mezani mnakula."

Alisema kweli, na Verlin alijua. Mkono wake ukaanza kulegeza fundo, kama ulivyozoea kuwapisha watu. Ukafika katikati ukagoma.

"Acha, Dwayne," alisema. "Hii inatosha."

"Mzee, kwa kigari hicho utakwenda safari sita!"

"Ndizo ninazozitaka." Masikio yakamwaka moto, lakini mdomo ukishafunguka haurudi nyuma kirahisi. "Sijamchoka mtu. Nataka safari nyingi. Nataka... na Lavonne akae mbele."

Dwayne akamtazama Verlin, akamtazama Lavonne, akalitazama kochi, kana kwamba mojawapo litamfafanulia.

"Umemsikia," Lavonne alisema, naye uso umemwiva kwa haya. "Nenda kapumzike, kaka. Tuna kazi hapa."

Dwayne akapanda ngazi yake, akaondoka kinyumenyume, akitikisa kichwa mpaka barabarani.

Safari ya kwanza walikwenda mwendo wa bibi harusi, Lavonne akigeuka kila mara kuhakikisha kochi bado lipo. Waliporudi, Verlin akabeba viti viwili vya jikoni na kuviweka nyuma. Palibaki nafasi ya meza, masanduku na hata kabati dogo. Akainama kuchukua sanduku.

"Unafanya nini?" Lavonne akamuuliza.

"Naongeza mzigo."

Lavonne akateremsha kiti kimoja, akakirudisha barazani, akajipangusa vumbi mikononi. "Gari limejaa," alisema, akafungua mlango wa mbele, akaingia.