Mama Mkwe Aliyetafuta Spana

Kinyozi alikuwa mtu wa kuchagua vifaa. Alipoamua kuacha kumpelekea fundi gari lake kwa kila kitu kidogo, alishinda dukani asubuhi nzima akizipima spana mkononi, mojamoja, kama anavyozipima mashine zake za kunyolea. Akarudi na sanduku la kupendeza: spana, bisibisi, koleo, nyundo. Jeki tu ndiyo hakuisumbukia. Aliokota moja kuukuu, ya kunyanyua kwa mafuta, akasema jeki ni jeki.

Jumamosi mkewe alikwenda sokoni. Nyumbani alibaki yeye na mama mkwe wake aliyekuja kuwatembelea, mama mpole ambaye kinyozi alimwamkia asubuhi, kisha siku nzima akawa anampisha kwa heshima. Kinyozi alilinyanyua gari uani, akatoa gurudumu la mbele, akaingia chini kumwaga oili.

Nati ilikuwa bado haijalegea alipohisi bamba la chini ya injini limegusa shati lake. Akadhani ni yeye aliyejisogeza. Akatulia tuli. Bamba likagusa tena, safari hii kwa uzito. Akageuza shingo. Jeki ilikuwa inavuja mafuta, inanywea polepole kama mtu anayepitiwa na usingizi.

Alijaribu kujivuta atoke. Bamba likambana kifuani. Pumzi iliyobaki ilikuwa ya kijiko.

"Mama!"

"Abee, baba?" sauti ikajibu kutoka jikoni, bila haraka.

"Njoo! Gari linanilalia!"

Kandambili zikaja mbio, zikasimama. Kinyozi aliona miguu tu na pindo la gauni.

"Uwii! Ngoja nikaite watu."

"Usiende! Hutanikuta. Gurudumu hilo hapo ukutani, lilaze, lisukumie chini ya mlango wa gari. Haraka, Mama."

Alimsikia akihema na kuliburuta. Gurudumu likaingia. Gari likateremka kidogo zaidi, likalikalia, likasita. Kinyozi alifumba macho akingoja, na lilipokuwa halishuki tena aligundua kwamba analia.

"Nisemeshe," mama mkwe alisema. "Usininyamazie."

"Nipo. Kwenye buti kuna jeki ndogo ya kuzungusha. Mpini wake ulipotea. Utazungusha kwa spana, ile namba kumi na tisa. Imeandikwa."

"Miwani iko chumbani, baba."

"Usiifuate! Jaribu zote."

Buti likafunguliwa, jeki ndogo ikatua chini, kisha sanduku la vifaa likamwagwa lote kwenye saruji. Zile spana alizozipanga kwa mapenzi zikalia kama vijiko vilivyoanguka. Ya kwanza ilicheza, nyingine haikuingia kabisa. "Sio hii... wala hii... Ee Mungu, sio hii." Kinyozi alisikiliza kila mlio wa chuma. Miaka yote yeye ndiye aliyewaambia watu kitini watulie, wembe ukiwa shingoni mwao. Sasa vidole vyake vya miguu vilikuwa vimekufa ganzi, na aliona aibu kufikiri kwamba atafia hapa, kaptura imempanda, mbele ya mama mkwe.

"Imeshika!"

"Iweke chini ya ukingo wa mlango. Zungusha kuelekea kulia."

"Kulia kwako au kwangu?"

"Kwako, Mama! Kwako!"

Chuma kikalalamika. Spana ikachomoka, gari likatikisika, kinyozi akapiga ukelele ambao hakujua kama ni wake. Mama mkwe naye akapiga wa kwake, kisha akairudisha spana na kuzungusha tena, akiitukana jeki matusi ambayo kinyozi hakuwahi kudhani anayajua. Kifua kikapata nafasi. Hewa ikaingia.

Mama mkwe hakungoja aambiwe. Alimkamata mkwewe vifundo vya miguu, akamvuta kama gunia, shati likichanika mgongoni, mpaka jua likampiga usoni.

Alimpiga kofi begani. Kisha akaketi chini kando yake, akajifunika uso kwa pindo la gauni. Mkewe kinyozi aliporudi na vikapu aliwakuta hivyo.

Daktari alisema mbavu ni nzima, zimeumia tu. Kinyozi alipopata nafuu alirudi dukani. Safari hii alianza na stendi za kushikilia gari, akazikanyaga na kuzitikisa hadi muuzaji akachoka. Nyumbani akaliweka gari juu ya stendi hizo, akalaza na gurudumu chini yake, mama mkwe akisimama pembeni amekunja mikono.

Kinyozi alilala chali, akaingiza kichwa. Harufu ya oili ikamfikia. Mabega yakagoma. Akabaki hapo, jasho likimtoka, akilitazama lile bamba.

"Mama," alisema mwishowe, "naomba umwite fundi."

"Nimeshamwita," alijibu. "Yuko njiani. Toka huko."