Maji ya Jikoni kwa Melania

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, mwezi wa Novemba 1996, siku ya tatu tangu msichana Dunia avuke ziwa akikimbia vita, kuni zilikuwa zinaelea katika jiko la nje la mama yake mkubwa, Melania, huko Bangwe. Maji yalikuwa yanatoka katikati ya mafiga matatu. Yalizunguka sufuria, yakapita mlangoni, yakateremka kuelekea ziwani. Yalikuwa baridi, na chini yake kulikuwa na vijiwe vyeupe ambavyo upande huu wa ziwa havipo.

Melania aliyachota kwa kiganja, akaonja.

"Ya kwetu," alisema. "Ya kule juu, nyuma ya mji wa Baraka. Yamekufuata."

"Yamepitaje ziwani, mama mkubwa?"

"Chini. Yangepita wapi?" Melania alianza kuokota kuni moja moja. "Mimi nilipokimbia mwaka wa sitini na nne nilifuatwa na jogoo. Aliwika chini ya kitanda changu miaka miwili, kisha akachoka. Haya, shika ufagio."

Dunia hakushika ufagio mara moja. Juu ya maji palikuwa na povu, na povu lilinukia sabuni ya mche, ile ya bluu. Katika kijiji chao mtu mmoja tu ndiye aliyefulia kwenye mfereji wa chemchemi kabla jua halijatoka, naye ni Agnesi, mama yake. Siku watu walipokimbia, Agnesi alibaki kwa sababu bibi hakuweza kutembea na hakutaka kubebwa. Tangu siku hiyo hakuna habari yao iliyokuwa imevuka. Povu lilikuwa dogo. Lilipita kati ya mafiga, likafika mlangoni, likaisha. Dunia alielewa kwamba asubuhi hiyo mama yake alikuwa hai na alikuwa anafua.

Majirani walikuja na ndoo siku hiyohiyo. Bomba la mtaa lilikuwa linatoa maji kwa kubahatisha, na waliokuwa wanachota ziwani walikuwa wanaogopa kipindupindu. Mtu wa idara ya maji alikuja pia. Aliyaonja, akatema, akaonja tena, akasema haya si ya huku. Kwa kuwa kazi yake ilikuwa maji ya huku, aliaga akaenda zake. Melania alihamishia mafiga barazani.

Bangwe vijana wengi huvua dagaa, na dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mwezi ukikua, taa hazivuti kitu, mitumbwi hupandishwa mchangani na vijana hukaa bure. Siku hizo huitwa mbalamwezi. Ilikuwa katika mbalamwezi ya Desemba ambapo Luqman, kijana wa Ujiji aliyekuwa mshika taa, alikuja kuchota maji na kukuta watu wanakanyagana jikoni kwa Melania, kila mmoja akizamisha ndoo yake yenye matope. Alitazama kidogo, akaondoka, akarudi na mwenzake Yakobo, majembe mawili na vijana wengine wa mtumbwini.

"Oya, Yakobo," Luqman aliita kutoka mtaroni, "hiyo mikono ni ya ugali peke yake?"

"Ugali wenyewe unaliwa kwa mkono mmoja. Huu mwingine nautunza."

"Tunza, tunza. Tutakuzika nao mpya."

Walijenga ukingo wa mawe kuzunguka jicho la maji, wakachimba mtaro, wakazungusha uzio wa matete. Dunia aliwaambia jinsi kwao walivyokuwa wanafanya: kata moja ya kuchotea, inayoning'inizwa juu, na ndoo ya mtu isiguse maji. Kufua, chini ya uzio. Wakaweka zamu, nyumba kwa nyumba, kijana mmoja kila alfajiri na mmoja kila jioni. Wale waliokuwa ziwani walibadilishana na dada zao.

Sheria ya mwisho waliipata wenyewe. Waligundua kwamba watu wakichota usiku kucha, maji ya alfajiri huja machache na yenye matope, na siku moja walikuja viluwiluwi. Yakobo alikaa akayatazama.

"Haya ni ya chini kabisa," alisema. "Tunakomba mtungi wa watu."

"Watu gani?" aliuliza Luqman.

"Wa kwao na Dunia."

Kuanzia siku hiyo, adhana ya magharibi ikisikika kata ilipandishwa juu ya paa, na hakuna aliyechota mpaka kupambazuke. Baada ya wiki moja maji yalirudi kuwa meupe. Na kwa kuwa kijana wa zamu ya alfajiri ndiye aliyesafisha jicho la maji, alichokikuta alikiweka kwenye jiwe bapa, Dunia akitazame kabla hakijatupwa. Palikuwa na majani, maganda ya njugu, siku moja kipande cha sabuni kilichobaki kama ukucha. Povu lilikuja karibu kila siku. Siku ambazo halikuja, Dunia alianika dagaa mchangani peke yake, na wenzake walimwacha.

Mwezi wa sita wafadhili walitoa saruji, nondo na tangi. Walitaka chemchemi ifunikwe, kwa sababu ya kipindupindu, na walitaka iwe chini ya kamati ya maji ya mtaa. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Gharib. Luqman na Yakobo walimfuata dukani kwake, wakaomba viti viwili vya kamati na ufunguo wa mfuniko, ili zamu iendelee na jicho lisafishwe kila alfajiri. Dunia alikuwa amewaomba jambo moja tu, huo ufunguo.

Mzee Gharib aliwakaribisha kahawa. Alisema yeye si mtu wa kuamua peke yake, kutakuwa na kikao, na kila mtu anakaribishwa.

Kikao kiliitishwa Jumanne, saa moja jioni, katika siku za giza. Jioni hiyo taa zilikuwa ziwani, zimepangana kutoka Bangwe hadi upeo wa macho, na vijana wote wa zamu walikuwa chini yake. Dunia alikwenda na Melania. Walikaa kwenye mkeka, nyuma ya wanaume wenye viti.

"Viti vya vijana tumeviweka," alisema Mzee Gharib. "Mnaviona pale. Vijana hawakuja."

Dunia alisimama. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti."

"Wako ziwani, Mzee. Ni giza."

"Basi wamechagua ziwa."

Watu walicheka kidogo. Dunia aliendelea kusimama. "Mimi nipo. Zamu naijua, na sheria zake nazijua. Naweza kukalia kimoja mpaka watakaporudi."

"Unasimamia kaya ya nani?"

"Naishi kwa mama mkubwa."

"Kaya ya Melania anaisimamia Melania, huyo hapo. Wewe umeandikishwa mtaa gani?" Mzee Gharib aliuliza kwa sauti ya upole. "Maana watu waliovuka mwaka jana wako kambini, kwa ninavyojua mimi. Kama uko hapa, bila shaka una kibali. Tukionyeshwa, tutaendelea."

Dunia hakuwa na kibali. Wenye vibali walikuwa wachache, na lori la kupeleka watu kambini lilipita mjini kila wiki.

"Keti, mwanangu," alisema Melania, akamvuta kanga.

"Maji yenyewe ni ya kwao," alisema mzee mmoja wa nyuma, bila ubishi, kama mtu anayekumbusha jambo.

"Hilo hakuna anayelikataa," alijibu Mzee Gharib. "Tunazungumzia kamati."

Wajumbe saba walichaguliwa. Mdogo kuliko wote alikuwa na wajukuu. Viti viwili vilirudishwa shuleni vilikokuwa vimeazimwa. Ufunguo alipewa Sefu, shemeji ya mwenyekiti, mtu mpole aliyekuwa na baiskeli.

Luqman alipanda kutoka ziwani asubuhi, dagaa wamemgandia mikononi. "Wangetuambia," alisema.

"Mliambiwa," alisema Dunia. "Saa moja jioni."

Luqman aliangalia mitumbwi, akaangalia mbingu, akacheka peke yake, kisha akaenda kulala.

Ujenzi ulikwisha Agosti. Jicho la maji lilifunikwa kwa zege, mfuniko ukawa wa chuma, bomba likatolewa mpaka kwenye tangi na kutoka tangini mpaka barabarani. Siku ya ufunguzi vijana walipewa soda na kushukuriwa kwa majina. Zamu ilifutwa kwa kuwa haikuwa na kazi tena. Maji yaliingia tangini usiku na mchana. Kipindupindu hakikufika Bangwe mwaka ule, na hilo kila mtu alilisema, pamoja na Dunia.

Kufikia Oktoba maji ya alfajiri yalikuwa yamerudi kuwa na matope. Yakobo alikwenda kumweleza Mzee Gharib kuhusu usiku na kuhusu watu wa upande wa pili. Mzee Gharib alimsikiliza mpaka mwisho. Kamati ilikubaliana kwamba matope yatatuama tangini.

Dunia alikuwa anaamka kabla jua halijatoka, kama zamani. Aliweka sikio kwenye zege, akasikia maji yanapita. Yalichokuwa yamebeba hakukiona. Mdomoni mwa bomba, chini ya mfuniko, kulikuwa na wavu, na wavu Sefu aliusafisha kila Ijumaa, muda ambao yeye mwenyewe aliuchagua.

Ijumaa ya pili ya Novemba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Dunia alikuwa kwenye foleni Sefu alipotoka nyuma ya nyumba akijifuta mikono.

"Shikamoo, Mzee Sefu. Kwenye wavu kulikuwa na nini?"

"Marahaba. Taka."

"Taka gani?"

"Taka tu, mwanangu. Majani. Na vijiti, vimefungwa pamoja kwa kitambaa. Ijumaa iliyopita pia vilikuwepo, na ile ya nyuma yake. Watoto hawa."

"Watoto gani? Pamefungwa."

Sefu alifikiri. "Kweli pamefungwa," alikubali.

"Kitambaa cha rangi gani?"

"Kijani. Kina maua ya njano. Kitenge kizuri kabisa, sijui nani anakichana."

Kitenge cha kijani chenye maua ya njano ndicho Agnesi alichokuwa amejifunga asubuhi ya kuagana.

"Umeviweka wapi?"

"Nimevitupa ziwani," alisema Sefu. "Lete ndoo, wenzako wanasubiri."

Dunia alileta ndoo. Ilipojaa aliitua pembeni, na Sefu akamwita aliyefuata, Mwanvua, mwenye ndoo mbili.