Laptop Rahisi

Tangu alipoamka Mama Pasi hakutulia, na safari yenyewe ilikuwa ya kwenda dukani tu. Alifunga mlango, akashuka ngazi, akarudi kuhakikisha ameufunga, akashuka, akarudi tena kuhakikisha hakumfungia mumewe ndani. Mumewe alikuwa pale pale dirishani, mgongo ameupa chumba, anatazama ukuta wa jengo la jirani kana kwamba kuna mtu anaupaka rangi.

"Wifi, twende!" dada wa mumewe aliita kutoka chini. "Tunakwenda kununua laptop, hatuendi kuozesha."

Jina la Mama Pasi alipewa kazini, kwenye chumba cha chini cha hoteli ambako alinyoosha mashuka kutwa. Mumewe alikuwa kinyozi, na mtaa mzima ulimwita Redio. Hakuna aliyekaa kwenye kiti chake akainuka bila habari: nani kaoa, nani kahama, timu gani imenyimwa penalti ya wazi. Wateja walikuwa wakimwambia, "Redio, punguza sauti, utanikata sikio," naye ndiyo kwanza anaongeza.

Kisha uvimbe ukaota kooni. Uliondolewa salama, jeraha likapona, chakula kikapita. Sauti haikurudi. Daktari alimwambia mkewe kwenye korido, wamesimama kando ya machela tupu: mshipa unaoendesha sauti umekatika na hautaungika. Mama Pasi aliitikia kwa kichwa, akasema asante, akaenda kununua maji ya kunywa.

Nyumbani walijaribu kibao cha chaki. Redio aliandika "chai" kwa mwandiko uliolala upande, akakitazama, akakiegemeza ukutani na hakukigusa tena. Wakajaribu simu. Vidole vyake vilikuwa vinene, vimekomaa kwa mikasi, na kila alipobonyeza herufi moja zilitoka tatu. Siku moja aliandika kwa muda mrefu, jasho likimtiririka, akamwonyesha mkewe. Mkewe hakuelewa hata neno moja. Redio akaiweka simu kitandani, taratibu, akarudi dirishani. Angeitupa ukutani, Mama Pasi angelala vizuri. Ule utaratibu ndio uliomtisha.

Mama wa hospitali aliyekuwa akimfanyisha mazoezi ya koo alimwambia, "Mtafutie laptop ya nyumbani. Vitufe vinavyotosha kidole, kioo cha kusomeka. Lakini iwe kitu atakachokiweza pale pale anapokiona. Ameshindwa mara mbili. Akishindwa na hii, sidhani kama atajaribu tena."

Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwa Mama Pasi njia nzima. Mumewe amekataa kutoka, kwa hiyo atachagua yeye, na hana nafasi ya kukosea.

Duka lilikuwa refu na jembamba kama behewa. Laptop zilikuwa zimefunguliwa huku na huku, zote zinaonyesha mlima ule ule wenye theluji. Muuzaji alikuwa mwanamume wa makamo mwenye miwani, shati lake limenyooshwa kila mahali isipokuwa kola.

"Karibuni, mama zangu. Niwasaidie nini?"

"Laptop," alisema Mama Pasi. Sentensi hii aliifanyia mazoezi tangu nyumbani. "Ya kukaa nyumbani. Iwe rahisi."

"Rahisi," muuzaji alisema, akaenda nyuma, akarudi na kitu chembamba cha buluu, chepesi kama sahani ya plastiki. "Hii hapa. Hakuna iliyo rahisi kuliko hii duka zima."

Mama Pasi aliinama juu yake. Hakuwa mtu wa kuamini kitu kabla hajakigusa. Alibonyeza kitufe, kikazama, kikachelewa kuinuka kama mtu aliyeamshwa. Kwenye kioo kiduara kilianza kuzunguka.

"Kinafanya nini hicho?"

"Inafikiria," alisema muuzaji.

"Inafikiria nini?" wifi alidakia. "Kwani tumeiuliza swali?"

Kiduara kiliendelea kuzunguka. Mama Pasi alirudi hatua moja nyuma. Kama hii ndiyo rahisi kuliko zote, na yeye mwenyewe haiwezi, hizo nyingine je? Alijiona anarudi nyumbani mikono mitupu. Alijiona anarudi na hiki cha buluu, Redio anabonyeza, kiduara kinazunguka, Redio anainuka kwenda dirishani. Kati ya mawili hayo hakujua lipi baya zaidi.

"Basi ndiyo hivyo," alisema kwa sauti ndogo. "Haziwezekani."

"Haziwezekani nini?" Wifi alikuwa amepandisha mabega. "Mimi niko hapa nanyamaza tu. Kaka yangu huyu wa kununuliwa kitu rahisi? Alipokuwa anawalisha wote mle ndani, alikuwa analeta vya rahisi?"

"Wifi, mimi sitaki apate shida."

"Hutaki apate shida, unamchukulia rahisi?"

Muuzaji alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Kisha akavua miwani. "Samahani, mama. Ulitaka rahisi ya bei, au rahisi ya kutumia?"

"Ya kutumia! Nimesema ya bei mimi?"

"Ooh. Basi iliyo rahisi siyo rahisi."

Wifi akamwinulia mkono.

"Hebu rudia hapo," alisema wifi, "na ukirudia, nenda polepole."

Akarudia. Zile za bei ya chini, alieleza, ndizo zinazosumbua: nzito kuamka, vitufe laini, betri fupi. Ya kumtuliza mtu inadai uongeze kidogo. Halafu akauliza itatumiwa na nani, na Mama Pasi akamweleza. Alieleza vibaya, akianzia kwenye chaki, lakini muuzaji alisikiliza mpaka mwisho na hakukimbilia rafuni.

"Nyumbani mna wifi?" aliuliza.

"Ninaye. Ndiye huyu. Ila hakai kwangu, ana kwake."

Muuzaji aliangalia pembeni, midomo ameibana. Wifi mwenyewe ndiye aliyeangua kicheko mpaka akashika meza. "Anauliza intaneti, mama wee! Mimi ningekuwa intaneti ungenilipia kila mwezi!" Mama Pasi alitabasamu kwa heshima. Hakuwa na nafasi ya kucheka; alikuwa akihofia kwamba kukosa intaneti ndiko kushindwa kwa tatu.

"Si lazima," muuzaji alimtoa wasiwasi. "Ya kuandika tu haihitaji."

Wifi alikwisha kuchagua yake: nyeusi, kubwa, vitufe vyake vinawaka taa nyekundu na kijani. "Hii. Inameremeta kama ukumbi wa harusi."

"Hiyo ni ya wacheza michezo, mama. Ina mambo mengi. Kila ukigusa inakuuliza swali."

"Hapana," Mama Pasi alisema haraka. "Isiulize. Aliyeulizwa anatakiwa kujibu, na yeye amechoka."

Kutoka rafu ya chini muuzaji alitoa laptop ya kijivu, nene, kona zimechubuka. Ilitoka katika ofisi moja, alisema. Ameisafisha mwenyewe, ameitia betri mpya, na mama yake mzazi anayo ya aina hiyo. Vitufe vyake vilikuwa vimeachana, kila kimoja na bonde lake dogo katikati.

"Tafadhali usiiguse," Mama Pasi alimwambia. "Rudi nyuma kidogo. Niache."

Akajifanya Redio. Alikunja vidole vyote, akabaki na gumba tu, akalishusha bila kulenga sana, kama mtu mwenye mkono mzito. Tk. Herufi moja. Akashusha tena. Tk. Moja. Akabonyeza kwa hasira, akabonyeza kwa uvivu, akabonyeza akitazama kwingine. Moja, moja, moja. Aliizima, akaiwasha, ikaamka bila kiduara. Aliuliza umeme ukikatika itakuwaje. Aliuliza ikianguka. Aliuliza ikianza kusema Kiingereza afanye nini. Muuzaji alijibu kila swali, na mengine aliyajibu mara mbili.

"Ni mtumba," wifi alinong'ona kwa sauti ya kusikika na duka zima.

"Na hilo gauni lako?"

"Gauni halina betri, wifi yangu."

Hapo Mama Pasi aliutoa mkono kwenye vitufe. Wifi huenda yuko sawa. Kitu cha ofisini kimechoka na watu, kinaweza kufa wiki ijayo, na Redio akisha kukizoea kikafa, itakuwa vibaya kuliko kama asingekizoea. Kitufe cha ile laptop ya buluu kiliendelea kumrudia kichwani, kile kilichochelewa kuinuka. Aligusa tena kimoja cha kijivu. Tk.

"Hii," alisema, na mara hiyo hiyo akatamani kulirudisha neno.

Muuzaji aliiandaa iwe inafunguka moja kwa moja kwenye ukurasa mweupe, herufi kubwa kama za kichwa cha gazeti. Wifi alikuwa tayari kwenye suala la mkoba wa bure. "Nimeiwekea neno la siri," muuzaji alisema huku akikunja waya, "isije ikafunguliwa ovyo. Ni rahisi, kwa herufi ndogo."

"Ndogo? Si umeziweka kubwa?"

"Za ukurasani ni kubwa, mama, usihofu."

"Huo mkoba wenye zipu mbovu ndio unaoutoa bure?" wifi aliuliza, na muuzaji akageukia huko.

Nyumbani, Redio aligeuza kichwa walipoingia. Akatazama mkoba, akamtazama dada yake, akaurudia ukuta wake. Mama Pasi aliifuta meza iliyokuwa safi, akaiweka laptop katikati, akachomeka waya. Aliifuta mikono kwenye kanga, akabonyeza. Kioo kikawaka.

Ukurasa mweupe haukuja. Kilikuja kisanduku, na ndani yake kimstari kinachopepesa. Neno la siri.

"Andika sasa," alisema wifi.

"Niandike nini?"

"Unaniuliza mimi?"

Mama Pasi alipiga simu dukani. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Nyuma yake hakusikia kiti cha Redio kikisogea, na hakuthubutu kugeuka.

"Hakukwambia?"

"Aliniambia ni rahisi."

"Rahisi vipi? Rahisi kama moja, mbili, tatu?"

Akajaribu moja, mbili, tatu, nne. Ikakataa. Akajaribu jina la mtaa. Ikakataa. Akaandika "redio". Ikakataa, safari hii kwa maneno mekundu yanayosema akikosea tena atasubiri.

"Ungemwuliza!"

"Mtu amekwambia ni rahisi, wewe umwambie hulijui? Nimeuliza maswali mpaka nimeona aibu, wifi. Hilo moja nikaona nimhurumie."

"Haya. Usilie. Sema alivyosema, neno kwa neno, usiongeze lako."

Mama Pasi alifumba macho. "Alisema, 'Nimeiwekea neno la siri. Ni rahisi, kwa herufi ndogo.'"

Kiti cha dirishani kilikwaruza sakafu. Mama Pasi aligeuka, akamwona mumewe ameinama, mkono kifuani, mabega yanamtikisika. Koo! Alikimbilia glasi ya maji, nusu ikamwagikia miguuni mwake, akamshika mgongo. Redio aliisukuma glasi. Alikuwa hapaliwi. Alikuwa anacheka. Ilikuwa pumzi tupu, hewa inatoka na kuingia, machozi yanamshuka mashavuni.

Akaja mezani. Akamsogeza mkewe kwa kiwiko, akaketi, akatafuta herufi kwa kidole kimoja kama anayetafuta unywele kwenye shuka jeupe. R. A. H. I. S. I.

Ukurasa mweupe ukafunguka.

"Yaani lilikuwa *rahisi*!" wifi alipiga kelele. "Rahisi lenyewe! Yule mtu nitamrudishia huo mkoba wake!"

Redio aliinua kidole, anyamaze. Kisha akaendelea kubonyeza. Tk. Tk. Hakuna aliyemwambia ajaribu. Herufi zilitoka moja moja, nyeusi, kubwa, za kusomeka kutoka mlangoni.

*dada mbona umenenepa*

"Miezi yote hii!" Wifi alishika kiuno. "Miezi yote hii umekaa kimya, kumbe umeshikilia hilo?" Alicheka, akamsukuma kaka yake bega, kisha uso ukambadilika akasema anakwenda kutazama maji ya chai. Hakuna aliyekuwa ameteleka maji.

Mama Pasi alibaki amesimama nyuma ya kiti. Amepatia. Vitufe vimepatia, kioo kimepatia. Redio alishuka mstari mpya na kuanza tena, safari hii polepole zaidi, akisimama kila baada ya neno.

*sauti yangu*

Akafuta jasho.

*itarudi lini*

Hapo ndipo Mama Pasi alipoelewa lile dirisha. Alikuwa amemweleza wifi. Alikuwa amewaeleza wenzake wa kwenye pasi, na wateja waliokuja kuuliza hali. Kila mtu alijua, naye alidhani mwenye koo lake anajua kuliko wote. Redio hakuwa amekata tamaa na chaki wala simu. Alikuwa anasubiri. Ya nini kujifunza kuandika, mtu ambaye kesho kutwa ataongea?

Jibu la "hivi karibuni" lilikuwa tayari mdomoni. Lilikuwa limeshafika kwenye meno. Redio hakutazama tena kioo. Aliutazama mdomo wa mkewe.

Alivuta kiti, akaketi, goti kwa goti.

"Haitarudi, baba watoto," alisema. "Daktari aliniambia siku ile ile. Mshipa umekatika. Mimi nilidhani wamekwambia. Halafu nikaogopa kukuuliza kama wamekwambia."

Redio alitazama mikono yake, akaigeuza, akaigeuza tena. Mama Pasi alihesabu moyoni kwamba sasa atainuka, na akapima kwa macho hatua za kufika dirishani.

Hakuinuka. Kidole kilirudi juu ya vitufe, kikatembea hewani, kikashuka.

*m*

Ingeweza kuwa mwanzo wa mbona hukuniambia. Ingeweza kuwa mwongo. Mama Pasi aliweka mikono mapajani, akasubiri herufi ya pili.