Bomba Chini ya Tuta

Adhuhuri ile niliona bwawa letu la makhana, mbegu za yungiyungi tunazouza, likibubujika pembeni, likitoa tope la kijivu, tope la mtoni. Nikajua ni bomba letu.

Bomba lile tulilipitisha wenyewe chini ya tuta la mto, mimi na mume wangu Bechan, ili bwawa lisikauke kiangazi. Kila masika tuliliziba kwa magunia na samadi. Tuta ni la serikali, ukikamatwa umelitoboa unalala ndani. Sasa mto ulikuwa umebakiza mkono mmoja kulivuka, na nyumba ya tatu kutoka tutani binti yangu amelala na kichanga cha siku nne.

"Funga mdomo," Bechan akaninong'oneza. "Wanakijiji wakijua, watatuua kabla ya mto."

"Na watuue. Mjukuu wako anajua kuogelea?"

Mwanamume wa kujisifu sokoni kutwa, leo kanywea. Nikapanda tuta mbio.

Wanaume walikuwa wakipanga mifuko ya mchanga. Phuleshwar, mkubwa wa kijiji, akaniona.

"Shemeji, rudi nyumbani. Hapa si mahali pa umbea."

"Nimekuletea umbea wenyewe. Tuna bomba chini ya tuta, pale bwawani kwetu, linavuja tope. Nipigeni baadaye, mifuko leteni sasa."

Nikasubiri kofi. Hakuna aliyenyanyua mkono. Phuleshwar aliitazama mifuko.

"Lenu inchi ngapi?"

"Nne."

"Langu sita," akasema polepole. "Liko nyuma ya hekalu."

Mwingine akaweka koleo chini. "Mimi ninalo karibu na kisima." Kisha mwingine, na mwingine. Hata ndugu wawili waliokuwa hawasemezani mwaka mzima wakakiri wana moja la pamoja. Yakafika mabomba kumi na saba. Mifuko iliyobaki isingetosha hata manne.

Miaka yote nilijifariji kwamba tundu moja dogo haliwezi kuangusha tuta zima.

Nikateremka mbio kwa binti yangu. Siku sita za mzazi kukaa ndani, kwa desturi yetu, zilikuwa hazijatimia, lakini nani alikuwa na habari na siku. Nyuma yangu nilimsikia Phuleshwar akiwaambia waiache mifuko, kila mtu akabebe watoto wake.