Se ya Sema

...la, ti, do, sasa dole gumba lipite chini, re, mi, fa, so, ala! nimeipiga tena, so, ile nyeupe, na Mwalimu Raimundi kashafumba macho kama aliyetafuna pilipili, "Se, mama, siyo so, hii ni maina hamoniki, ngazi ya nyimbo za huzuni, nota ya saba inapanda, bonyeza cheusi, kidole cha pete," najua mwalimu, najua, lakini kidole cha pete ndicho kilichovimba, msimu mzima nimechuma kahawa, hivi unadhani vidole vya Mbinga vimetengenezwa kwa pamba... "Tena, mama, kutoka la," haya, tena, nje wanawake wanafagia uwanja wa kanisa kwa ajili ya Jumamosi, jubilei ya kwaya, miaka hamsini, na mimi, mwanamke wa miaka hamsini na minne, nimekubali kupiga kinanda kwenye wimbo wa toba, nani alinituma, ujuaji tu, la, ti, do, re, mi, fa... kutoka fa kwenda se ni hatua pana, mtu unanyanyua mguu kama unavuka shimo la ngoro shambani, unatua upande wa pili, ndiyo utamu wake, ndiyo kilio chake, so. Yesu na Maria! So tena. "Sikio lako limezoea vibaya," anasema, na anaishika ile nakala ya chapa ya wimbo huo aliyokuja nayo, anaicheka kwaya yetu, miaka yote hiyo mnaimba so mahali pa se, "Hivi nani aliwafundisha hivi?" ndivyo alivyouliza juzi mbele ya wote, na mimi, mdomo huu huu unaopokea komunyo, nikasema labda marehemu baba, uzee, masikio yalishachoka. Baba! Mwalimu Urbani, aliyekuwa anasikia mtu wa besi akiteleza hata kama yuko nje anafunga baiskeli, nimemtupia marehemu, naye hana wa kumjibia.

"Pumzisha mkono kidogo," eti, anadhani ni mkono... maana baba wimbo ule hakuwa nao, kitabu kiliazimwa kwa padre wa Maguu, siku mbili tu, na mwenye mwandiko mzuri nyumbani nilikuwa mimi, "Hedwiga, nakili, mwandiko wako hauna doa," nikanakili, sauti zote nne, nikijisifu moyoni kwa vile herufi zilivyosimama wima, baba akafundisha kutoka kwenye karatasi yangu, neno kwa neno, nota kwa nota, hadi alipofika kwa Scholastica. Scho. Sauti ya kwanza, mwimbaji wa solo, rafiki yangu wa kuchota naye maji, akaimba se. Baba akasimamisha kwaya. "Imba kilichoandikwa!" Akaimba se. "Mwalimu, siyo so, ni se, masista walitufundisha hivi." "Masista wako hapa? Karatasi inasema nini?" Na Scho hakumtazama baba, alinitazama mimi, maana aliujua mwandiko, alikuwa ananisubiri tu niseme ngoja nikaangalie kitabu, basi, maneno matatu... nikakohoa. Akatolewa nje mbele ya watu, binti mkaidi, anayewafundisha walimu, mwaka uliofuata akaolewa huko ziwani, Liuli, akaingia Anglikana, watu wakasema mnaona, kiburi hakimuachi mtu salama.

"Twende, mama," la, ti, nilikuwa sijui, nilikosea tu, msichana wa miaka kumi na tisa, herufi moja, e moja imeniponyoka, ikabaki s peke yake, yaani so, kuna dhambi gani, do, re... we Hedwiga! Unamdanganya nani, kinanda? Uliiona. Jioni ile ile ulifungua kitabu kabla hakijarudi, na e ilikuwa pale, nyeusi, imekaa pembeni ya s, ukaweka kidole juu yake, kidole hiki hiki, halafu ukakifunga kitabu kwenye gazeti ukampa mtu wa baiskeli akirudishe Maguu, na Jumapili yake solo ukaiimba wewe. Nikaiimba mimi. Watu walilia, walisema nina sauti. Miaka thelathini na mitano nimeiimba so ile na kila mara nasikia se chini yake, kwa sauti ya Scho, la kuvunda halina ubani, na sikio langu halikuzoea vibaya hata siku moja, sikio ni zima, jamani, sikio ni zima kabisa. Na Jumamosi Scho anakuja, amealikwa, wanakwaya wote wa zamani wamealikwa, katuma ujumbe, "Nitapanda na magari ya asubuhi, niwekeeni kiti nyuma," nyuma, Scho, wewe wa kukaa nyuma.

"Nikufundishe ujanja wa kukumbuka," Raimundi anainama, anacheka, hana habari, "so ni ya sogea, wewe usisogee. Se ni ya sema. Se, sema. Umeshika?" Nimeshika. Nimeshika, nitasimama mbele yao kabla ya wimbo, kabla baba hajatajwa kwenye risala, mbele ya Scho na kiti chake hicho cha nyuma, wanione hivi nilivyo, la, ti, do, dole gumba chini, re, mi, fa, nyanyua mguu, vuka... se. La. "Hapo hapo!" anapiga kofi, "kumbe ulikuwa unaijua!" "Naijua, mwalimu. Naijua siku nyingi," na anacheka, anadhani natania, anagonga kinanda kwa kalamu, "Haya, tena, mama, kutoka la."